Shamba Katika Nchi ya Majani: Habari za Jamaa ya Wacheki Huko Nebraska



Katika nchi za Rungwe na Sikonge wako Wakristo wengi waitwao Wamoravian, nao wamelizoea jina hilo tangu utoto wao hata hawaulizi tena lilitoka wapi. Moravia ni nchi iliyo katikati ya Ulaya. Jirani yake ni Bohemia, na wenyeji wa nchi hizo mbili husema lugha moja, Kicheki. Huko ndiko ulikoanza Umoja wa Ndugu mwaka 1457. Watoto wa ndugu wale walipoteswa kwa ajili ya imani yao, wengine walikimbia mwaka 1722 wakajenga kijiji cha Herrnhut katika nchi ya Wadachi, na kutoka kijiji hicho wakatumwa wajumbe waliofika Rungwe mwaka 1891. Habari hizo zimekwisha kuandikwa mara nyingi. Leo nataka kusimulia watu wengine wa nchi zile, waliohama baadaye sana, si kwa kufukuzwa wala kwa kutumwa, bali kwa kutafuta ardhi.

Nitawasimulia hasa nyumba moja, nyumba ya mzee Francis Sadilek na binti yake Anna, waliotoka kijiji cha Mžany huko Bohemia wakaenda kulima Nebraska katika Marekani. Hawakuwa watu wakubwa. Habari zao zajulikana kwa sababu mbili. Ya kwanza, mwandishi Willa Cather, aliyekulia wilaya ile ile na kumjua Anna tangu ujana wao, alimfanya kuwa kiini cha kitabu chake My Ántonia kilichotoka mwaka 1918, akibadili majina. Ya pili, mwaka 1955, Anna alipokuwa bibi kizee, mwanafunzi mmoja alimwandikia kumwuliza kama mambo ya kitabu kile ni ya kweli, naye akajibu kwa barua, akieleza safari yao na kifo cha babaye. Mimi nategemea barua ile kuliko kitabu. Mtunzi ana ruhusa ya kupamba. Mtoto anayekumbuka kaburi la babaye hana haja ya mapambo.

Bohemia siku zile ilikuwa chini ya Kaisari wa Austria. Mpaka mwaka 1848 wakulima wengi walikuwa chini ya mabwana wenye ardhi, wakilazimishwa kuwafanyia kazi bila ujira. Kazi hiyo ya shokoa waliiita robota, na kutoka neno hilo likatokea neno roboti ambalo leo limeenea dunia nzima. Shokoa ilipoondolewa mkulima alikuwa huru, walakini uhuru haukumwongezea shamba. Palipokuwa na wana watano na shamba dogo moja, mmoja alirithi na wanne wakawa vibarua. Wengine walijipatia riziki kwa kufuma nguo nyumbani, kisha zikaja mashine zikawanyang'anya kazi hiyo pia. Tena vita. Tarehe 3 Julai, 1866, majeshi ya Austria na Prussia yalikutana karibu na Sadová, na Mžany ki jirani na mahali pale. Anna alizaliwa mwaka 1869. Basi alikua kati ya mashamba ambayo kila mtu mzima wa kijiji alikumbuka kuyaona yamejaa maiti. Miaka miwili baada ya vita ikatoka sheria ya kuwaandika vijana wote jeshini, na wazazi wenye wana wa kiume wakaanza kutazama upande wa bahari.

Ng'ambo ya bahari kulikuwa na ardhi. Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kumpa eka 160 kila mtu mwenye jamaa, au aliyetimiza miaka 21, kwa ada ya dola 18 tu, ikiwa atakaa juu ya shamba lake miaka mitano, ajenge nyumba na kulima. Hata mgeni aliruhusiwa, mradi atangaze kwamba ataka kuwa raia. Makampuni ya reli nayo yalikuwa yamepewa ardhi nyingi na serikali, yakaitangaza kwa kuiuza, hata kwa lugha ya Kicheki. Waliochelewa kufika na kukuta ardhi ya serikali imekwisha, walinunua kwa deni.

Lakini nchi ile haikuwa tupu tangu mwanzo. Ilikuwa nchi ya watu waitwao Pawnee, waliolima mahindi na maboga kando ya mito na kuwinda nyati katika mbuga. Mwaka 1806 afisa wa jeshi la Marekani aliwakuta katika mji wao juu ya mto Republican, katika wilaya ile ile ambayo jamaa ya Sadilek waliihamia baadaye. Mwaka 1833 nchi yao ya kusini mwa mto Platte ilichukuliwa kwa mkataba, na katika miaka ya 1870 waliobaki wakahamishwa kwenda Oklahoma ya leo. Wakulima Wacheki hawakuwafukuza kwa mikono yao wenyewe. Wengi wao huenda hawakumwona Mpawnee hata mmoja. Walipewa karatasi na serikali, nao wakaona imetosha. Nimeliandika jambo hili kwa kuwa twasoma mara nyingi juu ya "ardhi ya bure" ya Marekani, na yatupasa kuuliza ilikuwa bure kwa nani.

Basi mzee Sadilek naye alipata barua za waliotangulia. Barua zile zilisifu nchi: miti mingi, nyumba nzuri, maisha mema. Akauza vitu vyake, akakata nauli, na majira ya majani kupukutika mwaka 1880 akaondoka na mkewe na watoto wake. Anna alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Walivuka bahari, wakapanda gari la moshi, na mwanzo wa Novemba wakashuka Red Cloud, mji mdogo wa wilaya ya Webster. Wakamkodi mtu mwenye gari awapeleke kwa Mcheki mwenzao aliyekaa mashambani. Barabara haikuwako, ila alama za magurudumu juu ya nyasi. Mzee akatafuta nyumba zile nzuri kwa macho asizione. Zilikuwa zimechimbwa katika kingo za makorongo, hata mtu hakuziona mpaka afike mlangoni. Kilichoonekana ni bomba la moshi tu, limechomoza katika nyasi.

Sijui kama walioandika barua zile waliwaza kudanganya. Mtu aliye mbali na kwao huona haya kuwaandikia ndugu zake kwamba analala shimoni.

Inafaa kueleza nyumba za huko, kwa maana wasomaji wetu wajua kujenga kwa miti na udongo, nao watapima wenyewe. Katika mbuga za Nebraska miti ilikuwa haba, ila kando ya mito. Kwa hiyo mjenzi alikwenda mahali penye majani mazito, ambayo mizizi yake imeshikamana kwa miaka isiyohesabika, akapasua ardhi kwa plau ya namna ya pekee iliyokata utepe mrefu, upana wake kama futi moja, unene wake inchi nne hivi. Utepe ule akaukata kwa sepeto vipande vya futi mbili au tatu. Vipande hivyo vilipangwa kama matofali, majani yakielekea chini, ukuta ukawa na unene wa futi mbili au zaidi. Nyumba moja ndogo ilikula majani ya nusu eka au eka nzima. Dari ilikuwa ya magogo machache yaliyokokotwa kutoka mtoni, juu yake vijiti, juu ya vijiti majani makavu, na juu ya yote vipande vile vile vya ardhi. Nyumba hizi zilikuwa na joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa jua, wala moto wa mbugani haukuziteketeza upesi. Lakini mvua iliponyesha siku moja nje, ndani ilinyesha siku tatu, tena matope. Mama wa nyumba alitundika kitambaa chini ya dari ili kudaka udongo, na panya, na pengine nyoka. Kuni hazikuwako, walipika kwa majani makavu yaliyosokotwa kama kamba, na magunzi, na mavi makavu ya ng'ombe. Majani huwaka upesi na kuzimika upesi, basi wakati wa theluji mtoto mmoja alikuwa na kazi ya kusokota kutwa nzima ili jiko lisipoe.

Majira yale ya baridi ya mwaka 1880 na 1881 yalikuwa makali mno. Theluji ilianza mapema, ikafunga njia, hata magari ya moshi yalikwama katika nchi za kaskazini. Jamaa ya Sadilek hawakuwa na akiba, wala lugha, wala jamaa wa karibu wa kuwakimbilia. Siku moja mwanzoni mwa 1881 baba alimwambia mkewe kwamba anakwenda kuwinda sungura, akachukua bunduki aliyoileta kutoka kwao. Jioni hakurudi. Mkewe na mwanawe mkubwa wakatoka kumtafuta, wakamkuta amekufa kwa bunduki yake mwenyewe, mwili umekaribia kuganda kwa baridi. Mkuu wa polisi wa wilaya alikuja, akatazama, akasema amejiua.

Kisha likaja shauri la kumzika. Hapakuwa na makaburi karibu, wakamzika katika pembe ya shamba, mahali njia mbili zilipokutana. Walimu wa Kanisa watakaosoma habari hii walijua tatizo lenyewe, maana katika nchi nyingi za Ulaya ya zamani njia panda ndipo walipozikwa waliojiua, wasiingizwe kati ya wafu wengine. Mimi sina nia ya kufungua hapa shauri la sheria za mazishi. Nasema tu kwamba mtu huyu alikuwa ameweka mali yake yote katika safari moja, amewaleta watoto wake mahali asipoweza kuwalisha, wala nauli ya kurudi hakuwa nayo. Na katika miezi ile mitatu au minne sioni kwamba alikuwako mtu wa kuketi naye na kusema lugha yake mpaka moyo utulie. Tukimhukumu, basi jambo hilo nalo tulitie katika hukumu.

Watoto wakabaki na mama. Kaka mkubwa akashika plau, na Anna akashika plau pia, ingawa kwao ilikuwa kazi ya wanaume. Wakulima wa jirani walizoea kumwona msichana akifuata farasi mifereji mirefu, miguu mitupu, amevaa viatu vya mwanamume wakati wa baridi. Kulima ardhi ile mara ya kwanza si kazi ndogo. Mizizi hukatika kwa mlio kama wa nguo inayoraruliwa, na mwaka wa kwanza huota mahindi machache tu.

Alipopata nguvu za mtu mzima alikwenda mjini Red Cloud kutumika katika nyumba ya mwenye duka mmoja, jirani ya jamaa ya Cather. Hapo ndipo Willa, aliyekuja kutoka Virginia mwaka 1883 akiwa na miaka tisa, alipomwona kila siku. Wasichana wengi wa Kicheki na wa Kinorwe walifanya hivyo hivyo: walitumika kwa watu, na mshahara wao ukaenda mashambani kulipa deni la plau, la ng'ombe, la mbegu. Watu wa mjini waliwadharau kidogo kwa usemi wao na mikono yao migumu. Cather baadaye aliandika, na wengine wameshuhudia, kwamba binti hawa waliodharauliwa ndio waliokuja kuwa wake wa wakulima wenye mashamba makubwa, hali mabinti wa mji waliokaa barazani walibaki na kiburi na madeni. Huenda ameongeza chumvi kidogo. Lakini hesabu ya mshahara ni ya kweli: shamba la mama lililimwa kwa kazi ya jikoni ya binti.

Mjini Anna alipatwa na jambo la aibu. Mtu mmoja wa kazi ya reli alimpa ahadi ya ndoa, akaondoka naye, kisha akamwacha. Alirudi kwa mamaye akiwa na mimba, akazaa mtoto wa kike. Hakumficha mtoto, wala hakumtupia mtu mwingine, wala hakuacha kazi ya shamba. Nasimulia jambo hili kwa sababu katika nyumba nyingi za Kikristo binti aliyepatwa namna hii hufungiwa mlango, na yule aliyemdanganya huendelea kukaribishwa chakula. Baadaye, katika miaka ya 1890, aliolewa na Mcheki mwenzake, John Pavelka, aliyemchukua yeye na mtoto wake pamoja. Wakalima karibu na mji mdogo wa Bladen, na Anna akazaa watoto, jumla yao wakazidi kumi.

Kati ya mambo hayo yote, nchi haikuwaacha wakulima wapumzike. Kabla ya kufika Sadilek, mwaka 1874, nzige walifunika Nebraska wakala mahindi, na mboga, na hata mipini ya majembe kwa ajili ya chumvi ya jasho. Nzige twawajua sisi, lakini wale wa Marekani wana ajabu yao: katika muda usiotimia miaka 30 walitoweka kabisa, aina nzima, hawajaonekana tena tangu mwaka 1902. Tarehe 12 Januari, 1888, ilikuwa asubuhi ya joto kidogo, watoto wakaenda shule bila nguo nzito. Mchana ikashuka tufani ya theluji ghafula, mtu asiuone mkono wake. Wengi walikufa njiani kati ya shule na nyumbani, hata tufani ile ikaitwa kwa jina la watoto. Katika wilaya ya Valley upepo uling'oa paa la shule ya majani, na mwalimu kijana, msichana aitwaye Minnie Freeman, akawatoa wanafunzi wake wote pamoja, akawafikisha salama katika nyumba ya jirani. Kisha ukaja ukame wa mwaka 1890, na wa 1894, ambao uliwarudisha maelfu mashariki na magari matupu. Jamaa ya Sadilek hawakurudi. Yamkini hawakuwa na pa kurudi.

Sasa natamani kukaa kidogo katika nyumba ya Pavelka, maana hapa ndipo penye utajiri wa habari. Nyumbani walisema Kicheki tu. Watoto walijifunza Kiingereza walipoingia shule. Mama alipanda miti ya matunda katika nchi isiyokuwa na miti, akaibebea maji miaka ya ukame. Nyuma ya nyumba palikuwa na ghala iliyochimbwa chini ya ardhi, ya kuwekea mitungi ya matunda, matango yaliyotiwa siki, viazi na kabichi, akiba ya kuvusha vinywa vile vyote majira ya baridi. Wacheki wana mkate mtamu wa mviringo uitwao koláč, wenye matunda ya plamu katikati, au mbegu nyeusi za popi zilizosagwa. Mkate huo haukosi Jumapili, wala arusi, wala mazishi. Tena walifuga mabata bukini. Jioni za baridi wanawake wa mashamba ya jirani walikutana kuzunguka meza, wakachambua manyoya, wakitenga laini na kuacha mti wa unyoya, ili kushonea mito na mifarishi. Mlango haukufunguliwa kwa nguvu, wala mtu hakupiga chafya ovyo, maana manyoya huruka chumba kizima. Katika meza hiyo ndipo bibi waliposimulia habari za kijiji ambacho wajukuu hawakukiona. Binti alipoolewa alichukua mto na mfarishi wa manyoya yale, na hadithi pia.

Wakulima hawa walikuwa pia watu wa kusoma. Mwaka 1891 huko Omaha lilianza gazeti la Kicheki liitwalo Hospodář, yaani mwenye shamba, na sehemu kubwa yake ilikuwa barua za wakulima wenyewe: mmoja ataka dawa ya ugonjwa wa nguruwe, mwingine aeleza udongo wa Texas, wa tatu aomba habari za ndugu yake aliyepotea. Mwaka 1897, katika mji ule ule wa Omaha, kiliundwa chama cha kusaidiana katika kifo na ugonjwa, ambacho kiliwapokea wanawake sawasawa na wanaume. Vyama hivyo vilijenga majumba ya mikutano, michezo ya kuigiza na ngoma. Lazima niseme ukweli kwamba wengi wao hawakwenda kanisani. Kwao Bohemia Kanisa na Kaisari walikuwa wameshikana mkono tangu vita vya mwaka 1620, hata mtu aliyemchukia Kaisari aliona ni lazima amchukie kasisi pia. Wakavuka bahari na chuki ile. Wengine walibaki Wakatoliki wa kweli, wachache Waprotestanti. Kwa hiyo katika mji mmoja wa Wacheki ungeona kanisa upande huu na jumba la chama upande ule, na makaburi mawili.

Mwaka 1916 Willa Cather, ambaye sasa alikuwa mwandishi mwenye sifa akikaa New York, alirudi kuitembelea jamaa ya Pavelka, akawakuta katika shamba lenye watoto wengi na miti ya matunda. Miaka miwili baadaye kitabu kikatoka. Yasemekana kwamba Anna hakubadilika kwa sifa hiyo, na ng'ombe waliendelea kukamuliwa saa ile ile.

Wakati ule vita kuu ya kwanza ilikuwa imeamsha hofu ya lugha za kigeni. Mwaka 1919 baraza la Nebraska lilitunga sheria kwamba mwalimu asimfundishe mtoto kwa lugha yoyote ila Kiingereza, wala asimfundishe lugha nyingine, mpaka mtoto amemaliza darasa la nane. Sheria ililenga Wajerumani hasa, lakini iliwapiga Wacheki pia, na shule zao. Mwaka 1920 mwalimu Robert Meyer, wa shule ya Kilutheri, alishtakiwa kwa sababu alimfundisha mtoto wa miaka kumi kusoma Kijerumani, na kitabu chenyewe kilikuwa cha hadithi za Biblia. Akatozwa faini ya dola 25. Hakulipa akanyamaza, kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, nayo mwaka 1923 ikasema kwamba sheria ile haifai, maana wazazi wana haki katika malezi ya watoto wao na mwalimu ana haki ya kufundisha. Walimu, jina lake na likumbukwe kati yenu.

Hata hivyo hukumu haikuweza kurudisha kila kitu. Mtoto aliyechekwa shuleni kwa usemi wake akikua hatawasemesha watoto wake lugha ile, ijapokuwa hakuna sheria inayomkataza. Wajukuu wa wahamiaji walielewa Kicheki cha bibi zao, wakajibu kwa Kiingereza. Vitukuu walibaki na maneno ya chakula, na ya kumkemea mtoto, na majina ya nyimbo.

John Pavelka alifariki mwaka 1926, kabla ya miaka mibaya. Katika miaka ya 1930 bei ya mahindi ilianguka hata watu wengine waliyachoma badala ya makaa; mwaka 1934 na 1936 mvua haikunyesha, jua likaunguza, na upepo ukabeba udongo ule ule ambao babu zao waliufungua kwa plau. Na kati ya ukame, tarehe 31 Mei, 1935, mto Republican ulifurika ghafula ukaua watu zaidi ya 100. Cather aliwatumia wakulima rafiki zake wa Webster fedha na zawadi katika miaka hiyo. Tangu 1935 serikali ilianza kukopesha fedha za kupeleka umeme mashambani, na trekta zikaingia mahali pa farasi. Hapo mtu mmoja akaweza kulima kazi ya watano, na wanne wakahitaji kwenda mjini. Mwaka 1935 Nebraska ilikuwa na mashamba zaidi ya 130,000. Mwaka 2022 yalihesabiwa kama 44,000 tu, nayo makubwa. Katika miaka ya 1980 riba ya mikopo ilipopanda, wajukuu wengi waliuza kwa mnada shamba ambalo babu alilipata kwa dola 18 na miaka mitano ya kulala udongoni. Nyumba zilizosalia katika kilimo mara nyingi zina mtoto mmoja anayelima na wengine walio walimu, wauguzi, mafundi, wanaorudi kwa sikukuu.

Sikukuu zipo. Katika mji wa Wilber, uliojengwa na Wacheki katika wilaya ya Saline, tangu mwaka 1962 hukusanyika watu kila Agosti, wamevaa nguo za bibi zao zilizotariziwa, wakala koláče na bata na kabichi, wakacheza polka. Wengine hucheka wakisema ni mchezo wa watalii. Mimi siwezi kucheka. Nimewaona vijana wetu pia wakijifunza ngoma ya babu zao kwa ajili ya siku ya wageni, na baada ya ngoma wakauliza bibi zao maana ya maneno.

Anna Pavelka alifariki mwaka 1955, mwaka ule ule wa barua yake. Nyumba yake karibu na Bladen imehifadhiwa, na ghala ile ya chini ya ardhi pia. Wasomaji wa kitabu husafiri kutoka mbali kuiona, wakainama kuteremka ngazi zake. Katika makaburi ya nchi ile mawe ya wazee yameandikwa Kicheki, Zde odpočívá, yaani Hapa apumzika. Mawe ya watoto yana lugha mbili, na ya wajukuu Kiingereza peke yake.

Mwishoni mwa barua yake Anna alirudi kwa babaye. Kaburi la njia panda halikubaki pale. Kaka yake, alipokwisha kuwa na uwezo, aliichimbua mifupa akaipeleka makaburini mwa watu, na baadaye mama akalazwa hapo, na kaka mwenyewe pia, chini ya jiwe moja. Anna alimwandikia mwanafunzi yule kwamba atumaini wamelala vema wote watatu.